Sanrufu kwenye gari ya zamani: ukate paa, upandikize paa zima, au utafute gari iliyokuja nayo?

Watu wengi wanaotaka sanrufu, yaani kile kioo cha kufunguka kwenye paa la gari, wanaanza na bei, kioo kinauzwaje na fundi anachukua ngapi, na mimi naona hilo ni swali la tatu au la nne huko. La kwanza ni hili: hiyo sanrufu unayoitaka itakulazimisha kukata mbavu ngapi za paa? Ukishapata jibu la hilo, mengine yote yanakuwa rahisi kupima, na ukiliruka unaweza ukalipa hela nzuri kabisa halafu baada ya mwaka mmoja wa barabara zetu milango inaanza kugoma kufunga na rangi inapasuka kwenye kona.

Nitaeleza hapa njia tano ambazo mtu mwenye gari ya zamani anaweza kuzifuata. Nazungumzia hasa hizi saluni za Kijapani tulizonazo, Mark II, Corolla, Chaser, Altezza, pamoja na kina Forester na X-Trail za mwanzo, lakini hesabu ni ile ile hata kwa gari ya Ulaya.

Kwanza ujue paa limekaaje

Ukishusha silingi (kile kifuniko cha ndani cha paa) ya saluni ya kawaida utakuta bati jembamba, halifiki milimita moja, na chini yake kuna mbavu zinazokatisha kutoka kushoto kwenda kulia. Kuna ubavu wa mbele juu ya kioo kikubwa, kuna wa kati ambao mara nyingi unakutana na zile nguzo zinazoshika mikanda, na kuna wa nyuma juu ya kioo cha nyuma. Pembeni zinapita boriti mbili ndefu juu ya milango, ambazo zimeunganisha nguzo zote. Hizo boriti, nguzo na mbavu ndizo zinazobeba kazi. Bati lenyewe likiwa peke yake unalibonyeza kwa kidole gumba.

Ila usije ukadhani bati halina kazi kabisa. Saluni hizi hazina chesisi, bodi yenyewe ndiyo chesisi, kwa hiyo gari inapopanda tuta na gurudumu moja mbele, bodi nzima inataka kujipinda na paa ndilo linaloizuia, kama boksi la viatu ambalo ukiondoa kifuniko unaweza kulisokota na ukirudisha linakaza. Ukitoboa kifuniko katikati na kuacha kingo zake zote, bado linakaza. Ukikata mpaka karibu na kingo, umelifungua.

Gari ya zamani ina tatizo lake la ziada ambalo watu hawalitaji. Gari nyingi za tangu miaka ya 90 kioo cha mbele kimegandishwa na gundi ngumu, kwa hiyo kioo nacho kinasaidia kukaza bodi. Zile za nyuma zaidi, ambazo kioo kimeshikwa na raba tu, hazina huo msaada, paa linabeba zaidi. Halafu kuna suala la kupinduka. Marekani walianza kudai kipimo cha paa kwa magari madogo mwaka 1973, paa lihimili mara 1.5 ya uzito wa gari, na mwaka 2009 wakatoa kanuni ya kupandisha mpaka mara 3. Maana yake ni kwamba paa la gari ya zamani hata kabla hujaligusa halikutengenezwa kwa matarajio ya leo, akiba yake ni ndogo, na wewe ndiyo unaenda kuipunguza.

Wenye Land Cruiser za mraba, Defender, Hilux na Pajero za zamani mna nafuu kwenye kujipinda, manake chesisi iko chini peke yake na inabeba mzigo mwingi. Kwenye kupinduka hamna nafuu yoyote.

Vipimo nitakavyotumia

Kila njia nitaipima kwa mambo haya haya. Bodi, yaani mbavu zinakatwa au hazikatwi na kinachorudishwa ni nini. Maji, yanatokea wapi na yanaenda wapi, manake hakuna sanrufu isiyoingiza maji hata kidogo, zilizo nzuri zinayapokea na kuyatoa. Nafasi ya kichwa na joto. Fundi na gharama, bila kutaja bei manake bei inabadilika kila mji na kila mwezi. Na mwisho inamfaa mtu wa aina gani.

Kabla hujachagua, kagua gari yenyewe

Hii haichukui hata saa moja na inaweza kukuambia uache kabisa. Angalia kutu kwenye gata za pembeni ya paa, chini ya raba za kioo cha mbele na cha nyuma, na pale juu nguzo inapoingia kwenye boriti. Kukiwa na kutu au puti nene hapo, gari hiyo haifai kukatwa paa, tibu kwanza. Kisha simamisha gari sehemu tambarare, fungua na funga milango yote, halafu nyanyua kona moja ya mbele na jeki mpaka gurudumu liache ardhi, funga tena milango. Kama mlango uliokuwa unafunga vizuri sasa unakwaruza au unagonga kufuli, bodi imeshalegea, na huenda gari ilishapata ajali huko nyuma. Pima na nafasi kati ya mlango na bodi pande zote mbili uandike, utazihitaji baada ya kazi.

Na uliza kama gari ina eabegi za pazia, zile zinazojificha juu ya milango ndani ya silingi. Gari nyingi za umri huu hazina, ila kama ipo, fundi asiyezijua asishushe silingi hiyo.

1. Sanrufu ya kunyanyua

Hii ndiyo ndogo, kioo kinanyanyuka upande wa nyuma kwa mkono na nyingine unaweza kukitoa kabisa ukakiweka kwenye buti. Tundu lake kwa kawaida lina upana wa sentimita 76 hadi 85 hivi na urefu wa 38 hadi 45.

*Bodi.* Kwa udogo huo inakaa kati ya ubavu wa mbele na ubavu wa kati bila kugusa hata mmoja, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Fremu yake ni mbili, moja inakaa juu ya bati na nyingine chini, zinabanwa na skrubu na bati likiwa katikati, kwa hiyo kingo za tundu zinapata mshipi mpya. Ikipangwa vizuri na kukatwa vizuri, hii ndiyo inayoiacha gari karibu na hali yake.

Sasa kukata vizuri ni nini, na hapa sikilizeni sana manake haya yanahusu na namba mbili. Gari iwe imesimama kwa magurudumu yake yote manne sehemu tambarare, isiwe kwenye jeki wala stendi, ili bodi isikatwe ikiwa imejipinda. Mbavu zitafutwe kwa kushusha silingi na kuzipima kwa macho, kukisia kwa kugonga gonga juu ya paa hakutoshi. Kona za tundu lazima ziwe za mviringo, manake ufa unazaliwa kwenye kona kali, na gari ikitembea kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi mtetemo wote unaenda kukusanyika kwenye hiyo kona. Kifaa kiwe msumeno wa umeme wa meno madogo au mkasi wa bati. Grainda hapana. Cheche za grainda zinachoma vioo na rangi, moto unaua ile zinki ya kuzuia kutu pembezoni mwa tundu, na unga wa chuma unaomwagika kwenye paa unaanza kutu na mvua ya kwanza. Terminali hasi ya betri ichomolewe, mikato ilainishwe kwa tupa, ipigwe praima ya kuzuia kutu, ikauke, ndipo fremu ipandishwe. Fundi akikuambia silikoni itafunika yote hakuna haja ya praima, tafuta mwingine.

*Maji.* Raba inazuia mengi, na zilizo nzuri zina mfereji kidogo kwenye fremu. Tatizo kubwa ni mzingo wa paa. Kama paa la gari yako limepinda sana na fremu imenyooka, zile skrubu zinalazimisha bati liifuate fremu, na pembeni inabaki nafasi inayovuja miaka yote, huwezi kuimaliza kwa gundi. Weka fremu juu ya paa kabla ya kukata uone.

*Kichwa na joto.* Kichwa haupotezi kitu. Joto unaliongeza, manake nyingi hazina pazia la kuvuta chini ya kioo, na Dar jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na katikati ya Oktoba, hapo hakuna kivuli cha kukuokoa. Tafuta yenye kioo cheusi na kipande cha kivuli.

*Fundi na gharama.* Ndiyo rahisi kuliko zote zinazokata. Webasto wa Ujerumani, kampuni iliyoanza mwaka 1901, walitengeneza familia yao ya Hollandia yenye aina hii na zile mbili zinazofuata hapo chini, na kuna nyingine nyingi zisizo na jina. Unaweza kupata na iliyotumika, ila raba ya zamani usiiamini.

*Inamfaa* mwenye gari anayoipenda na anataka hewa na mwanga bila kuichokonoa sana, na mwenye bajeti ya kawaida.

2. Ya kuteleza juu ya paa

Hii ni ya umeme, kioo kinanyanyuka halafu kinarudi nyuma kikipita juu ya bati kwa nje.

*Bodi.* Inabanwa kwa fremu ya juu na chini kama ya kwanza, ila tundu ni kubwa zaidi na hapo ndipo pa kuwa macho. Kwenye gari yenye paa refu inaweza kukaa mbele ya ubavu wa kati bila shida. Kwenye gari fupi kama Starlet au Vitz ya mwanzo, ukubwa wa kati unaweza kudondokea moja kwa moja juu ya ubavu. Chagua saizi ndogo kuliko kukata ubavu, hata kama muuzaji anasema fremu yake inatosha kuubadili.

*Maji.* Ina mfereji wa kupokea maji, na nyingi zinajifunga zenyewe ukizima gari, jambo ambalo kwa mvua zetu za ghafla nalipenda sana.

*Kichwa na joto.* Unapoteza kidogo tu, manake kioo hakiingii ndani ya silingi. Baadhi zina pazia. Keria ya juu hamtaelewana, kioo kinahitaji nafasi kurudi nyuma.

*Fundi na gharama.* Hapa unahitaji watu wawili au mmoja anayejua vyote, wa bodi na wa umeme. Waya uwe na fyuzi yake, usiibiwe kwenye taa ya ndani, mota inakula umeme zaidi ya hiyo taa.

*Inamfaa* anayeendesha sana mjini na anataka kubonyeza kitufe, na gari yake ina paa refu la kutosha.

3. Ya kuzama ndani

Kioo kinarudi nyuma kikiingia kati ya bati na silingi, ndiyo inayofanana na ya kiwandani, na ndiyo watu wanayoiwaza wanaposema sanrufu.

*Bodi.* Nitakuwa mkweli, hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zote. Boksi lake ni refu kuliko tundu lenyewe kwa sababu kioo kinahitaji pa kujificha, kwa hiyo ubavu wa kati kwenye saluni nyingi lazima uondoke au ushushwe. Mtengenezaji mzuri analijua hilo, fremu ya boksi ni ngumu na inagandishwa na kufungwa kwenye paa kwa njia maalumu ili ichukue kazi ya ubavu. Hesabu hiyo inafanya kazi pale tu boksi limetengenezwa kwa upana wa paa kama lako na maelekezo yamefuatwa yote. Ukichukua boksi lililong'olewa kwenye gari ya aina nyingine, ukakata ubavu, ukalining'iniza kwa vipande vya bati, umeondoa ubavu na hujarudisha kitu. Hii imefanyika sana mitaani kwetu na naomba usiwe wewe.

*Maji.* Yanapita kwenye mipira minne inayoshuka ndani ya nguzo za mbele na za nyuma. Kwenye gari iliyozaliwa bila sanrufu hiyo mipira haina njia, fundi lazima aitengenezee, na mpira ukiishia ndani ya nguzo badala ya nje, nguzo inaoza kwa ndani bila wewe kuona.

*Kichwa na joto.* Unapoteza sentimita kadhaa za kichwa, mtu mrefu aende akakae kwanza kwenye gari yenye sanrufu kabla ya kuamua. Joto ni nafuu, pazia lipo.

*Fundi na gharama.* Ghali, silingi inafanyiwa upya, na fundi wa kweli wa kazi hii ni wachache.

*Inamfaa* mwenye gari ya thamani, mwenye seti kamili iliyotengenezwa kwa ajili ya kufungwa baadaye, na fundi ambaye unaweza kwenda kuona gari aliyoifanya zamani ikiwa bado haivuji.

4. Kupandikiza paa la gari kama hiyo hiyo

Hapa unatafuta gari ya modeli ile ile iliyotoka Japan na sanrufu ya kiwandani, mara nyingi ni gari iliyogongwa lakini paa lake ni zima, unachukua paa lake lote na kulihamishia kwako.

*Bodi.* Kiwandani gari yenye sanrufu haikutobolewa baadaye, paa lake ni jingine kabisa. Tundu limekunjwa kingo, chini kuna sahani ya kuimarisha inayozunguka tundu zima, na mbavu zimepangwa upya. Ukihamisha hivyo vyote unapata nguvu iliyokusudiwa na waliochora gari, na hakuna njia nyingine ya kukata inayokupa hiyo.

Lakini inategemea kabisa paa linatolewaje. Njia sahihi ni kutoboa zile nukta za weldingi moja moja kwenye gata na juu ya vioo, bati linatoka na mbavu zake, nguzo na boriti haziguswi, halafu la pili linakaa pale pale kwenye nukta mpya. Njia ya mkato ni kukata nguzo zote na msumeno na kuchomelea paa zima na nguzo zake nusu. Nguzo iliyokatwa ikaungwa kitako kwa kitako ndiyo sehemu itakayovunjika gari ikipinduka, na puti na rangi zitaificha vizuri kiasi kwamba hata atakayenunua gari baada yako hatajua. Kaa na fundi akueleze atatoa paa kwa njia ipi kabla hujampa hata shilingi ya kianzio, na nenda gereji siku anayoanza.

Wakati wa kuchomelea gari isimame tambarare, milango ikiwa imefungwa, na weldingi ipigwe nukta kwa kurukaruka pande zote. Akishona mstari mmoja mrefu, joto linapindisha bati na utaona mawimbi kwenye rangi.

*Maji.* Mipira ya kiwandani na njia zake, ila hakikisha nguzo zako zina matundu ya kupitisha, modeli nyingine zinayo hata kwa gari isiyo na sanrufu na nyingine hazina. Kila mwaka mimina maji kidogo kwenye mfereji uone yanatoka chini kwa pembe zote nne. Mpira ukiziba usipulize kwa kompresa ya nguvu, unachomoka huko ndani, tumia uzi wa plastiki wa mashine ya kufyekea nyasi, unapita taratibu.

*Kichwa na joto.* Kama ya kiwandani, kichwa kinapungua, pazia lipo.

*Fundi na gharama.* Vioo vya mbele na nyuma vinatoka, silingi, taa za ndani, swichi na waya vyote vinabadilika, paa linapigwa rangi. Chukua kila kitu kutoka gari ile ile, ukianza kuokoteza mota huku na silingi kule utateseka miezi. Modeli iwe ile ile kweli, paa la GX100 haliendi kwenye GX110 japo zote ni Mark II.

*Inamfaa* anayekarabati gari moja kwa moja, ambayo ilikuwa inaenda kupigwa rangi yote hata hivyo, na fundi bodi ni mtu anayemjua kwa kazi.

5. Kutafuta gari iliyokuja nayo

*Bodi.* Haijakatwa, basi. Hilo peke yake linatosha kuiweka kwenye orodha.

*Maji.* Unarithi mipira ya miaka 20 na vumbi lake. Nyanyua zulia la miguuni mbele na nyuma ushike kama kuna unyevu, nusa, angalia madoa kwenye silingi karibu na nguzo.

*Kichwa na joto.* Vile vile kama namba nne.

*Fundi na gharama.* Unauza yako na kuongezea. Kwa anayeagiza, kwenye karatasi ya mnada ya Japan tafuta herufi SR kwenye sehemu ya vifaa, hiyo ndiyo sanrufu, na iwapo daraja limeandikwa R au RA ujue ilishatengenezwa ajali, uliza ni wapi. Kenya gari iliyozidi miaka 8 haiingii, kwa hiyo kwa modeli za zamani utatafuta zilizopo ndani tayari. Tanzania inaingia ila ushuru wa uchakavu unapandisha hesabu. Forester za SG, X-Trail T30 na Harrier zipo nyingi zenye sanrufu, Corolla ni za kutafuta.

*Inamfaa* ambaye hajafungamana na gari yake ya sasa, na mwenye familia anayeibeba kila siku.

Kuna na paa la turubai la kukunja, ambalo Beetle za zamani zilikuja nalo mpaka 1963 kabla ya kuwekewa la chuma. Tundu lake ni refu na linakata mbavu, sijalipa nafasi yake hapa kwa sababu kwenye saluni isiyo na chesisi silioni likiwa na usalama, na turubai mtu anapasua kwa wembe. Mwenye Beetle iliyozaliwa nalo alirudishe kama lilivyokuwa, hapo sina neno.

Na wale wa magari ya watalii Arusha na Nairobi wanaonyanyua paa zima? Wanaojua kazi wanazungusha kwanza fremu ya paipu za mraba kwenye paa, na Land Cruiser ina chesisi yake. Usichukue mfano huo ukaupeleka kwenye Corolla.

Sasa wewe uko wapi

Kama gari ni saluni ya miaka ya 80 yenye kioo cha mbele cha raba, na unaipenda, na hauna mpango wa kuipiga rangi yote, kaa kwenye ya kunyanyua, saizi ndogo, mbele ya ubavu wa kati.

Kama gari iko gereji tayari imevuliwa rangi na vioo vimetoka, na umepata gari ya modeli ile ile yenye paa zima la sanrufu, pandikiza paa kwa kutoboa nukta. Hautapata nafasi nzuri kama hiyo tena.

Kama unabeba watoto au unasafiri barabara kuu usiku, mimi ningekuambia ununue iliyokuja nayo au uache. Na kwa vyovyote watoto wasisimame wakatoa vichwa, wala kwenye msafara wa harusi watu wasikae kwenye kingo za tundu, fremu hizi hazikutengenezwa kubeba mtu na kingo ikishapinda raba haikai tena.

Kama unataka mwonekano tu na hauna haja ya hewa, stika nyeusi ya kung'aa ya paa inakupa sura ya kioo bila kutoboa kitu. Paa litapata joto zaidi juani, ila bodi ni nzima.

Kama una bima kubwa, waandikie kampuni yako kabla ya kukata wakujibu kwa maandishi. Mabadiliko ya bodi ambayo hukuyasema yanaweza kukukosesha malipo siku ya ajali, na hilo ni kwa njia zote nne za kukata.

Na kama umenunua gari tayari imeshakatwa na mtu mwingine na inavuja, usianze na silikoni. Shusha silingi, angalia ubavu wa kati kama ni mzima. Ukikuta umekatwa, fundi bodi aurudishe kwanza, achukue wa gari kama hiyo na kuuchomelea kwenye boriti zote mbili, tundu lipunguzwe kama halina budi, halafu pima zile nafasi za milango na ujaribu jeki kama nilivyoeleza juu. Paa likishaacha kucheza ndipo unahangaika na raba na maji.